Kiranja wa Sauti

Shule zilipofungwa na masomo yakahamia kwenye simu, baba yake Kiranja naye alikuwa amekwisha funga kazi. Baba alikuwa kinyozi, na kinyozi hana namna ya kumnyoa mtu aliyesimama mbali. Amri ilipotoka kwamba watu wasikaribiane, alitia kufuli mlango wa barabarani, akakunja vitambaa vyake vya kuwafunga wateja shingoni, akaja kukaa sebuleni kama mgeni aliyekosa gari la kurudi kwao.

Alipokosa vichwa vya watu, akageukia vya nyumbani. Alijinyoa mwenyewe. Akamnyoa shemeji yake aliyepita kuazima ngazi, ambaye wala hakuwa ameomba kunyolewa. Siku moja akaanza kumkodolea macho kitinda mimba, kasichana ka miaka minne kenye nywele za kusukwa, mpaka mama akamwambia bila kuinua uso, "Huyo ukimgusa, mimi na wewe tutaonana wabaya."

Mama yeye aliendelea na kazi. Alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, na mikate haikupigwa marufuku. Aliondoka alfajiri, akarudi saa nane na unga kwenye nyusi, akavua viatu na nguo za kazi uani, akanawa mpaka viwikoni, ndipo akaruhusu mtu amsalimie.

Binti yao mkubwa nyumbani walimwita Dada, kwa kuwa ndiye wa kwanza. Shuleni alikuwa kiranja wa darasa, na jina hilo likamganda hata watu wakasahau la kwake. Alipewa asomee mle mle saluni, chumba cha mbele, kwa sababu ndicho kilikuwa na mlango wa kufunga na hakuna aliyekihitaji. Kiti chake kilikuwa kile cha kuzunguka, chenye kanyagio la kupandishia mteja. Simu ya baba aliiegemeza kwenye chupa ya kunyunyizia maji. Mbele yake palikuwa na kioo cha ukuta mzima, na pembeni bango la wanaume walionyolewa mitindo ya kila aina, kila kichwa na namba yake. Chumba kilinuka spiriti na poda. Basi asubuhi nzima alikaa pale akitazamana na wale wanaume wa bango, na katikati yao akajiona yeye mwenyewe, juu shati la shule, chini suruali ya kulalia.

Wiki za mwanzo zilikuwa na raha yake. Ilikuwa kama sikukuu iliyokosewa tarehe. Walisalimiana wote kwa mpigo, wakachungulia vyumba vya wenzao, wakachekana kwa mapazia na makochi. Halafu kamera zikaanza kuzimwa moja moja. Huyu alisema bando linaisha haraka, yule alisema simu yake mbovu, wengine hawakusema kitu. Mwisho darasa likabaki safu za miraba myeusi yenye majina, na Mwalimu wa Hesabu peke yake akionekana, akiandika ubaoni sebuleni kwake huku mkewe amemshikia simu.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Aliongea na simu kwa kupaza sauti, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Kwenye hesabu hakuwa na mfano, lakini mambo ya vitufe yalimshinda, na kilichomshinda zaidi ni kelele. Kila mtoto aliyesahau kufunga maikrofoni alilileta darasani jiji lote: majogoo, mashine za kusaga, redio, watoto wachanga. Siku moja bibi wa mwanafunzi fulani alisikika akiuliza kwa sauti safi kabisa, "Hivi huyu mzee wa kwenye simu hachoki kusema?" Darasa liliangua kicheko, vimaikrofoni vikapepesa orodha nzima, na Mwalimu hakukipenda.

"Kiranja," alisema siku iliyofuata. "Mimi nina mikono miwili. Mmoja una chaki, wa pili una kifutio. Wewe utakuwa mkono wangu wa tatu. Mwanangu wa kiume ameshakupa mamlaka humo ndani, sijui mnaitaje. Kelele ikitoka kwa mtu, usiniulize, usisubiri. Zima."

"Sawa Mwalimu."

Akaifanya kazi hiyo, na aliifanya vizuri. Orodha ya majina ilikaa upande wa kulia wa kioo cha simu, na kila jina lilikuwa na alama ya maikrofoni, nyekundu ikizimwa. Alama ikipepesa mahali pasipotakiwa, kidole kilikwisha fika. Alizima mbwa. Alizima kikohozi. Alizima mama aliyekuwa akimwuliza mwanawe kama yeye anadhani vyombo vinajiosha. Alizima mtu aliyekoroma, na kwa huyo wenzake walimtania siku nzima kwenye kikundi cha darasa, wakamwomba Kiranja awarudishie wasikie tena. Walimu wengine nao wakasikia sifa zake, wakampa mamlaka yale yale. Ikafika mahali hakuwa anasikiliza masomo tena. Alisikiliza nyuma ya masomo, huko kelele zinakotoka. Ukimwuliza mwisho wa kipindi wamesoma nini, hakuwa na habari.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Baba alikuwa uani akitia mafuta mashine zake za kunyolea, ambazo hazikuwa zimeguswa na unywele tangu alipozitia mafuta mara ya mwisho. Kipindi kilikuwa cha milinganyo, na Mwalimu alikuwa ameandika miwili ubaoni, mmoja juu ya mwingine.

"Mrefu," alisema Mwalimu. "Hebu tupe eksi."

Mrefu alikuwa msichana wa dawati la nyuma, aliyewekwa nyuma kwa sababu ya huo urefu wake, maana akikaa mbele anaziba ubao. Hakuwa rafiki wa Kiranja, wala hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamesoma pamoja miaka miwili na pengine walishawahi kuazimana rula.

Alama ya Mrefu ikafunguka. "Mwalimu, eksi ni sawa na..." Akasita, karatasi ikasikika ikigeuzwa. Nyuma yake mlango ukafunguliwa. Sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu aliyetembea njia nzima akiipanga sentensi, ikasema:

"Weka hiyo simu chini, mama. Kaeni hapa wote. Wamepiga kutoka hospitali. Mama yenu hatunaye."

Ukatoka ukelele. Haikuwa rahisi kusema ni wa mtoto au wa mtu mzima. Ulianza chini, ukapanda, na kabla haujafika ulikokuwa unakwenda ukakatika.

Kiranja alitazama kidole chake. Kilikuwa juu ya kioo cha simu, kwenye jina la Mrefu, na alama ilikuwa nyekundu.

Miraba ilitulia. Mwalimu alikuwa amesimama, chaki mkononi, ameugeuzia ubao mgongo. Mkewe, yule mshika simu, lazima alitikisika, kwa sababu picha iliinama ikaonyesha miguu ya meza, ikarudi. Mwalimu akakohoa.

"Naona mtandao umekata kwa mwenzetu," alisema. "Nani atanisaidia eksi?"

Mwalimu akangoja. Kisha mvulana mmoja, wa wale wanaojua kila kitu, akafungua sauti na kusema, "Saba, Mwalimu."

"Vizuri. Ni saba. Sasa tukiichukua hiyo saba tukaiweka huku..."

Na kipindi kikaendelea hadi mwisho wake.

Mchana ule mama alirudi na mkate wa moto uliopinda, wa wale wasiouzwa. Kiranja alikula, akaosha vyombo, akamwogesha mdogo wake. Alijisikiliza, kama mtu aliyejikwaa anavyongoja maumivu yaje, na hayakuja. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini habari haifiki. Kwenye kikundi cha darasa palikuwa kimya mpaka jioni, ndipo mmoja akaandika "Pole sana mwenzetu", na wengine wakafuata wote na neno lile lile, safu ndefu ya pole, mpaka ukawa hujui tena neno hilo lina maana gani. Kiranja naye aliandika pole yake. Ilikaa katikati, haikupungua wala kuzidi za wenzake.

Nyumbani hakusema. Aseme nini? Hakuna kilichompata yeye.

Mazishi yalifanywa na watu wachache, kwa kadiri ya amri, na darasa halikuhudhuria. Haukupita muda, asubuhi moja katika kipindi cha jiografia, jina la Mrefu likatokea kwenye orodha. Kamera imezimwa, sauti imezimwa. Likabaki mpaka mwisho. Kesho yake likaja tena, vipindi vyote, hata kile cha michezo ambacho mwalimu wake alikuwa akiwaambia warukeruke chumbani na hakuna aliyeruka. Walimu wakawa wanaliruka jina hilo wanapouliza maswali. Walimwuliza wa juu yake, wakamwuliza wa chini yake. Hakuna aliyepanga hivyo.

Kiranja alikuwa analitazama. Kila aliyezimwa alikuwa na uwezo wa kujifungua mwenyewe, hilo alilijua. Lakini siku nyingine lilimwingia wazo kwamba huenda kwa Mrefu alibonyeza vibaya, akamfunga moja kwa moja, na mwenzake yuko huko anasema na hasikiki. Alikagua mipangilio yote. Haikuwa na tatizo. Kesho yake akakagua tena.

Siku moja Mwalimu wa Hesabu alipiga simu. Baba aliipokea, akaitikia "Ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu" huku amesimama wima kama mwanafunzi, akampa binti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Kiranja. Nilikuwa nataka nikuambie neno moja. Ile siku." Akakohoa. "Ile siku ulinisaidia sana. Mimi nisingejua la kufanya. Ulitumia akili ya haraka. Mke wangu naye alisema."

"Asante Mwalimu."

"Endelea hivyo hivyo."

"Sawa Mwalimu."

Baba alitaka kujua Mwalimu kasemaje. "Amenisifu," alisema Kiranja. Baba akafurahi hata akaenda kumwambia jirani juu ya ukuta.

Baada ya simu ile mambo yakaanza kuharibika, ingawa kwa nje alikuwa vile vile. Katika kipindi cha hesabu kilichofuata, mashine ya kusaga ya mtu ikaanza kuunguruma. Kiranja aliiona alama ikipepesa. Alijua jina, alijua mahali pa kubonyeza, na mkono ulikuwa juu ya paja lake. Akaungoja mkono uende, haukwenda. Juu ya mashine likaongezeka jogoo. Juu ya jogoo watu wawili wakaanza kubishana nani kamaliza sukari. Mama mmoja, huko aliko, akapiga kelele kwamba sidiria yake nyeusi haionekani na asitoke mtu humu ndani mpaka ipatikane. Kila sauti iliyosikika iliwatia wengine moyo wa kufungua za kwao, wakacheka, wakapiga miluzi, mmoja akaweka muziki.

"Kiranja!" Mwalimu alikuwa anapiga kelele na simu. "Kiranja, uko wapi? Zima! Zima hao!"

Alikuwepo. Alikuwa anajitazama kwenye kioo kikubwa, amekaa kwenye kiti cha wateja, mdomo wazi kidogo. Aliwaza kwamba yule msichana pale anatakiwa afanye kitu.

Mlango wa sebuleni ukafunguliwa, baba akaingia na kitambaa cha mafuta mkononi. "Kuna nini humu? Mnachinja?" Akaiona simu inavyowaka, akamwona binti yake alivyokaa. Hakuuliza mara ya pili. Aliichukua simu, akaizungusha huku na huku akitafuta pa kuizima, na mwisho akaifunika kwa kitambaa cha kunyolea kama mtu anayefunika kasuku. Kelele zikaendelea chini ya kitambaa.

Kesho yake kazi ya kuzima sauti alipewa yule mvulana aliyejibu saba.

Baba yake hakuwa mtu wa maneno mazito. Wateja wake walimpenda kwa utani na umbea, na mambo ya moyoni aliyaachia mama. Lakini mama alikuwa kiwandani. Siku hiyo alimkuta binti yake amebaki kwenye kile kiti ingawa masomo yalikwisha zamani, akasimama nyuma yake kwa mazoea, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumpunguza nywele. Hakumwuliza kama anataka. Mashine ilinguruma taratibu nyuma ya sikio.

"Mama," alisema baba, maana hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa na huruma naye. "Umekuwa ukuta. Tunaongea na wewe, sauti inaturudia."

"Sina kitu, baba."

"Hilo naliona. Ndilo linalonitisha."

Akanyoa kidogo. Kiranja akaona nywele zinaanguka juu ya kitambaa, akaanza kusema, akizitazama hizo nywele. Alimweleza yote, toka eksi mpaka saba, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Alipofika kwenye kidole, mashine ikazimwa.

"Ulimzima."

"Nilimzima. Alikuwa analia nikamzima."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa kelele, baba. Mimi kazi yangu ilikuwa kelele."

Baba alimtazama kwenye kioo. Ilionekana anatafuta mzaha wa kusaidia na hauji. Akakung'uta kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kwao ni wapi?"

"Sijui."

"Miaka miwili mnasoma naye na hujui kwao?"

"Alikuwa anakaa nyuma."

Waliuliza kwa mtu, huyo akauliza kwa mwingine, wakaelekezwa. Wakati huo watu walikuwa wameruhusiwa kutembea ilimradi wamevaa barakoa. Jumamosi baba akavaa shati la kutokea, akachukua begi lake la kazi. Mama akamwuliza la nini kwenye msiba. "Nikitembea bila hili najiona niko uchi," alisema. Mama akatia mikate miwili kwenye mfuko, akamfunga binti barakoa upya ingawa ilikuwa imefungwa sawa.

Nyumba ilikuwa na geti la bati, na mbele yake ndoo ya maji yenye bomba dogo na kipande cha sabuni kwenye soksi. Walinawa. Baba akabisha hodi. Aliyetoka alikuwa baba yake Mrefu, mtu mwembamba, nywele zimemzidi, ndevu zimeota upande mmoja kuliko mwingine. Wakasimama, huyu huku na huyu kule, hakuna mkono uliotolewa.

"Poleni sana kwa msiba, kaka," alisema baba. "Tumechelewa."

"Tumeshapoa. Karibuni, ila ndiyo hivyo, hapo hapo uani."

Wakakaa uani kwenye viti vilivyowekwa mbalimbali. Kulikuwa na wavulana wawili wadogo, nao vichwa kama vichaka. Mazungumzo hayakuwa mengi. Joto lilizungumziwa, mikate ikashukuriwa, gari la maji lililoacha kupita mtaa huo likalaumiwa. Halafu baba, ambaye macho yake yalikuwa yameshindwa kutoka kwenye zile ndevu, akasema, "Kaka, usinielewe vibaya. Mimi ni kinyozi."

Yule bwana akajipapasa kidevu. Kwa mara ya kwanza uso wake ulisogea. "Kumbe hali ni mbaya kiasi hicho?"

"Nimeona mabaya zaidi," alisema baba, "lakini si mengi."

Mrefu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina povu la sabuni. Alionekana kazidi kurefuka. Baba alipofungua begi na watoto wakasogea kutazama, yeye akaja akaegemea ukuta, mbali na Kiranja kwa hatua za kutosha.

"Mambo."

"Poa," alisema Kiranja. "Pole kwa mama."

"Asante. Uliandika kwenye kikundi."

"Ndiyo."

Mashine ilianza kunguruma. Kiranja alikuwa amepanga maneno njiani, na sasa hakulipata hata moja. Akasema tu, "Ni mimi niliyekuzima. Siku ile."

Mrefu akageuza uso. "Nilidhani simu ilikata yenyewe."

"Haikukata. Ni mimi."

"Kwa hiyo mlisikia?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Kiranja alitaka kudanganya, akaona hata kudanganya kunahitaji nguvu. "Tulimsikia aliyeingia akisema. Na wewe mwanzo wake."

"Yule ni baba mdogo," alisema Mrefu, kama kwamba hilo ndilo lililohitaji kuelezwa. Akapangusa povu mkononi. "Halafu? Darasa likasimama?"

"Halikusimama. Mwalimu alisema ni mtandao. Akauliza mtu mwingine."

"Eksi ilikuwa ngapi?"

"Saba."

Mrefu akatafakari. "Mimi nilikuwa nimepata tisa."

Wakatazama chini wote wawili. Kule uani baba alikuwa anamwambia mtoto asitikise kichwa, akitikisa litabaki sikio moja.

"Hukukasirika?" aliuliza Kiranja.

"Sijui. Sikasiriki siku hizi. Watu wanakuja, wananitazama nilie, mimi naosha vyombo." Akakung'uta maji mikononi. "Labda baadaye."

"Mbona upo kila kipindi na husemi kitu?"

"Sisomi. Naiwasha simu naiweka pale dirishani, nafanya kazi zangu. Nyumba hii ikikaa kimya ni mbaya. Nyinyi mnaongea ongea, angalau." Halafu akasema, "Ile siku ya makelele, nani alikuwa anazima?"

"Mimi. Nilishindwa."

"Nilicheka na yule mama wa sidiria. Baba akaja kuniangalia, akidhani nimechanganyikiwa."

"Ilipatikana?"

"Ilikuwa kwenye kamba. Alisema mwenyewe mwishoni, ila mlikuwa mnapiga miluzi hamkusikia."

Mrefu hakucheka alipokuwa anaeleza hayo, wala Kiranja. Walikaa hivyo, mmoja ukutani, mmoja kwenye kiti, mpaka vichwa vyote vya nyumba ile vikaisha. Baba yake Mrefu alipoletewa kioo kidogo alijitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Yeye ndiye alikuwa ananiambia nywele zimekua." Baba akafuta mashine zake moja moja. Njiani kurudi alimshika binti yake bega akatembea naye hivyo mpaka kona ya mwisho. Kiranja alifika nyumbani akalala alasiri hiyo hiyo na viatu miguuni.

Shule zilifunguliwa baadaye, madawati yakiwa yametengana kama watu waliogombana. Mwalimu wa Hesabu aliingia, akaandika swali, akauliza nani anajua. Darasa zima lilimtazama juu ya barakoa na hakuna aliyefungua mdomo. Akarudia. "Mnaweza kuongea," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile aliyokuwa anaipigia simu. "Sasa mko hapa, mnaweza kuongea." Ilichukua muda. Walipotaka kumchagua tena Kiranja awe kiranja alikataa. Mwalimu hakumwuliza sababu, na ile siku hawakuizungumza tena, wala hakuna katika darasa aliyewahi kuizungumza. Jina la utani, hata hivyo, lilibaki.

Mrefu alisoma nao muhula mmoja. Halafu ikaamuliwa yeye na wadogo zake waende wakakae kwa mama mkubwa, mji mwingine, kwa sababu baba yao alikuwa anafanya kazi za zamu na nyumba haikuwa na mtu. Jumamosi ya kabla ya safari aliwaleta wadogo zake saluni. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi sasa, benchi limejaa watu, redio inaimba, baba anaongea na wateja watatu kwa wakati mmoja. Wasichana walikaa mwisho wa benchi. Waliongea kuhusu sare ya shule mpya, ambayo Mrefu alisema rangi yake ni kama maji yaliyooshewa sufuria. Waliongea kuhusu viatu, maana namba yake alikuwa haipati madukani. Wadogo zake walipomalizwa, alisimama, akainama ili asigonge taa, akasema, "Haya, basi."

"Haya. Mfike salama."

Akawashika watoto mkono, wakavuka barabara. Kiranja alimwona mpaka alipokunja kona, na kwa urefu wake aliendelea kuonekana juu ya ukuta kidogo baada ya wenzake kupotea. Kisha akachukua ufagio, kwa sababu nywele zilikuwa zimejaa sakafuni.

"Mwenzio kaenda?" aliuliza baba, bila kuacha kichwa alichokuwa nacho.

"Kaenda."

Baba akamtupia jicho kwenye kioo. "Hujalia?"

"Sijalia."

"Haya, mama. Fagia na huku chini ya kiti."